Krismasi ya sahani zinazorudi

Katikati ya Novemba mwaka jana, katika nyumba moja ya Tabata jijini Dar es Salaam, mama wa familia aliweka kijiko chini baada ya chakula cha jioni na kutoa tangazo.

"Krismasi hii hakuna teikawei. Watu watakula kwenye sahani za kawaida," alisema. Kisha akaongeza: "Lakini mimi sitaosha hata moja."

Mumewe alicheka akidhani ni utani. Watoto watatu, kijana wa kidato cha tatu, binti wa darasa la nne na mdogo wao wa chekechea, walitazamana. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuona sikukuu ambayo mama hakuimaliza akiwa ameinama kwenye beseni.

Tangazo lile halikutoka kwenye semina ya mazingira wala kwenye redio. Lilitoka kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba, na kwa jirani mmoja mzee ambaye familia nzima humwita Bibi.

Mvua ya tarehe 26

Zamani familia hii ilikuwa ikipanda Kilimanjaro kila Desemba, Marangu, nyumbani kwao baba. Nauli za watu watano kwenda na kurudi, huku ada za Januari zikisubiri mlangoni, ziliwafanya waanze kula sikukuu mjini. Ndugu wengine walioko Dar nao wakaona nafuu, na nyumba ya Tabata ikageuka kituo. Mwaka huu watu ishirini, mwaka mwingine thelathini.

Mama ni mwajiriwa. Tarehe 24 hutoka kazini jioni, hupitia sokoni, na tarehe 25 huamkia jikoni. Wageni wakishashiba na muziki ukikolea, yeye hubaki uani na mlima wa vyombo hadi usiku. Mwaka juzi aliamua kujipumzisha. Alinunua vile vyombo vyeupe vya teikawei vyenye mfuniko, vijiko vya plastiki, vikombe vya kutupa na katoni sita za maji ya chupa ndogo. Sherehe ilipokwisha, kila kitu kiliingia kwenye viroba vinne. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alilala saa tatu usiku wa Krismasi.

Kijana alitumwa avipeleke viroba kwenye kona ambako gari la taka hupita. Gari halikupita, kwa kuwa ilikuwa sikukuu. Waliopita ni mbwa. Alfajiri ya tarehe 26 ikanyesha mvua kubwa.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua mvua ya Desemba. Mafuriko ya Desemba 2011 yalikuja siku chache kabla ya Krismasi, yakaua watu, na familia nyingi za bonde la Jangwani zikahamishiwa Mabwepande. Mvua ya mwaka juzi haikufika huko. Ilitosha tu kuvibeba viroba vilivyochanwa na mbwa hadi kwenye mtaro, na mtaro ukaziba. Maji yakatafuta njia nyingine, na njia iliyokuwa wazi ni mlango wa Bibi, ambaye nyumba yake iko upande wa chini.

Bibi amevuka miaka sabini. Anaishi na mjukuu wake wa kiume na bado anasuka mikeka na vikapu vya ukindu vya kuuza. Maji yalimkuta amelala. Godoro liliharibika, unga ukalowa, na mafungu ya ukindu aliyokwisha kuyatia rangi yakachuja, nyekundu ikaingia kwenye kijani.

Baba na vijana wa mtaani walishuka mtaroni na mabeleshi. Kila walipochota, vikatoka vyombo vyeupe, vingine vikiwa bado na punje za pilau. Mwisho kabisa likatoka boksi la keki lenye maandishi ya kalamu: jina la familia, na chini yake maneno "Krismasi Njema".

Bibi alikuwa amesimama kwenye ngazi, khanga ameipandisha juu ya vifundo vya miguu. Aliliona boksi. Hakusema neno juu yake. Alisema tu, "Haya, wanangu, mkimaliza mje mnywe chai."

Sahani iliyoacha kupita

Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na desturi ya zaidi ya miaka kumi. Siku ya Krismasi, kabla wageni hawajapakuliwa, sahani kubwa ya bati yenye maua mekundu hujazwa pilau, hufunikwa kwa kawa na kupelekwa kwa Bibi. Kuku wa nyumba ile huchinjwa na mjukuu wake, ili sahani isiwe na shaka yoyote. Baada ya siku mbili tatu sahani hurudi, na haijawahi kurudi tupu: vitumbua, mayai ya bata, au embe za mti wake. Idi ikifika, safari huanzia upande wa pili. Sahani ya Bibi huja na biriani au visheti, na hurudi na sukari au sabuni.

Mwaka juzi, kwenye pilikapilika za vyombo vya kutupa, pilau la Bibi nalo liliwekwa kwenye boksi jeupe la mfuniko. Binti alilipeleka mbio na kurudi mbio.

Baada ya mvua ile hakukuwa na ugomvi. Salamu ziliendelea asubuhi na jioni, shikamoo na marahaba. Familia ilichangia godoro jipya na Bibi akalipokea kwa shukrani. Lakini siku zikapita bila kitu kurudi. Idi ndogo ikafika, harufu ya biriani ikavuka ukuta, watoto wakasubiri, sahani haikuja. Idi kubwa nayo ikapita vivyo hivyo.

Binti ndiye aliyeuliza, "Mama, Bibi ametukasirikia?" Mama hakuwa na jibu. Lakini swali lile lilikaa naye miezi mitano, hadi jioni ile ya Novemba.

"Nilikuwa nanunua usingizi"

Kicheko kilipoisha, baba alitoa wasiwasi wake. Ndugu wataona nyumba imefulia. Walikuwa wamezoea maji ya chupa kwa kila mtu na chakula cha kuondoka nacho. Akapendekeza waajiri mtu wa kuosha vyombo. Mama akamkumbusha kwamba siku hiyo hata mtu wa kuosha ana familia inayomsubiri.

Kisha akasema jambo ambalo mumewe hakuwahi kulifikiria. "Sikununua plastiki kwa sababu naipenda. Nilikuwa nanunua usingizi. Kama mnataka nisinunue, nipeni huo usingizi."

Hapo ndipo mazungumzo ya mazingira katika nyumba nyingi hukwama. Kila kisichotupwa lazima kioshwe, kikunjwe, kibebwe au kirudishwe na mtu fulani, na mtu huyo mara nyingi ni mmoja. Mama akiambiwa aache mifuko, aache chupa, aache vyombo vya kutupa, na kazi yote ikabaki kwake, atashindwa mwaka wa pili, na atakuwa na haki.

Usiku ule waliandika zamu kwenye karatasi ya daftari na kuibandika kwenye mlango wa friji. Mabeseni yangekuwa matatu uani: la kwanza la kusukutua, la pili la sabuni, la tatu la maji safi. Baba angekaa beseni la kwanza, ambalo ndilo baya kuliko yote. Kijana angekaa la pili. Binti na binamu zake wangepanga na kufuta. Baba wadogo wawili waliandikwa zamu ya jioni bila kuulizwa, kwa maelezo ya mama kwamba "watajua wakifika." Jina la mama halikuwamo.

Kijana alilalamika kwamba marafiki zake watamwona. Baba, ambaye bado alikuwa akijishawishi mwenyewe, alimjibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Kutoka kwenye duka la jumla hadi kwenye jumuiya

Sahani zenyewe hazikununuliwa. Jumuiya yao ya kanisa ina sahani 60, masufuria makubwa na miiko, vitu vilivyonunuliwa kwa michango kwa ajili ya misiba na shughuli. Kila sahani ina tone la rangi nyekundu chini ili isipotee. Anayeazima hutoa mchango mdogo, na atakayevunja hulipa. Mama alikuwa mwanachama kwa miaka yote hiyo na hakuwahi kufikiri kwamba sahani za msibani zinaweza kula Krismasi. Viti vilitoka kwenye kikundi cha VICOBA cha mtaa kwa utaratibu huohuo.

Kwa vinywaji, walirudi kwenye kreti. Soda za chupa za kioo huja 24 katika kreti moja, chupa hurudi dukani, na pesa ya dhamana hurudi mkononi. Walichukua kreti mbili. Maji ya kunywa yalichemshwa usiku wa kuamkia sikukuu na kuwekwa kwenye ndoo mbili zenye koki. Juisi haikuwa na mjadala. Desemba ni msimu wa embe, na Bibi peke yake ana mti unaoangusha kuliko anavyoweza kula.

Binti ndiye aliyetatua suala la vikombe. Watu wakiwa wengi, kila mtu huweka kikombe chake chini, husahau ni kipi, na huchukua kingine. Kwa watu 22 vikombe 50 havitoshi. Binti alifunga uzi wa kitambaa kwenye kila mkono wa kikombe, rangi tofauti, na akaandika orodha: shangazi njano, baba mdogo bluu, na kuendelea. Kikombe kimoja kwa mtu mmoja, kutwa nzima.

Ujumbe uliokwenda kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ulikuwa mfupi: "Atakayependa kubeba chakula, aje na hotpoti lake." Shangazi mmoja alijibu kwa alama tatu za mshangao. Baadaye alipiga simu kuuliza kama kuna tatizo la pesa nyumbani.

Mti ukitoka hapa unaenda wapi?

Katika bidii yake, mama aliwahi kuteleza. Jumamosi moja alitoa kwenye stoo mti wa Krismasi wa plastiki walionunua binti alipozaliwa. Mguu mmoja umepinda, matawi yamepukutika. Aliuweka karibu na kiroba cha taka na kutangaza kwamba mwaka huu watatumia tawi la mvinje, kitu cha asili.

Binti aliutazama mti, akautazama mtaro. "Mama, ukitoka hapa unaenda wapi?"

Mama alianza kujibu, akanyamaza. Ungekwenda kwenye gari la taka, na gari lingeupeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako ungekaa miaka mingi kuliko umri wa yeyote pale uani. Na mvinje wanaotaka kuukata matawi, wa kule ufukweni, una kazi yake ya kushikilia mchanga.

Mti wa plastiki ulirudi ndani. Baba aliunyoosha mguu kwa waya. Mapambo yalitoka kwa fundi cherehani wa mtaani, ambaye hutupa mabaki ya vitenge kila jioni. Watoto waliyakata pembetatu na kuyatunga kwenye uzi. Jumapili waliyokwenda ufukweni waliokota matunda makavu ya mvinje yaliyoanguka chini, wakayatunga pia. Taa za kuwakawaka zilikuwa zile za zamani, na ziliwashwa jioni tu ili zisile umeme wa LUKU mchana.

Suala la nguo halikwenda laini hivyo. Binti alikuwa ameona gauni la kumetameta dukani na alikuwa ameshaliota. Mama alimpa la binamu yake, lililovaliwa mara mbili, likabadilishwa mkanda kwa fundi. Binti alilia. "Watajua si jipya," alisema. Mama hakumpa hotuba ya mazingira. Alikubaliana naye kwamba inauma. Kisha wakapatana: gauni la binamu, lakini viatu vipya, vyeusi, vya kufunga kamba, ambavyo Januari vingeingia shuleni. Binti alivilalia kitandani siku ya kwanza. Gauni alilivaa kimyakimya, na picha zote za siku ile anaonekana akicheka.

Alichosema Bibi

Kikapu cha sokoni ndicho kilichompeleka mama kwa Bibi. Tangu katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019, mifuko ya rambo imetoweka mikononi, lakini nyumba nyingi zimejaa ile mifuko mbadala inayonunuliwa kila safari ya soko na kuchanika baada ya wiki. Mama alitaka vikapu viwili imara vya ukindu. Mtu wa kuvisuka alikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, na miguu ilikuwa mizito.

Baba alikuwa ametangulia kwa njia yake. Kwao Marangu, aliyemkosea mwenzake huenda kuomba radhi akiwa na jani la isale, na jani hilo si rahisi kulikataa. Mjini isale hana. Jumamosi ya mwisho ya Novemba, siku ya usafi, alichukua beleshi na kijana wake, wakausafisha mtaro kuanzia nyuma ya nyumba yao hadi chini ya ngazi ya Bibi, kabla mvua hazijachanganya. Bibi alitoka, akatazama, akawaletea maji ya kunywa.

Wiki iliyofuata mama akaenda. Alisalimia, akakaribishwa, akakaa mkekani. Aliagiza vikapu. Bibi akapima kwa mikono ukubwa anaoutaka. Kisha kukawa kimya, na mama akasema alichokijia.

"Bibi, ile mvua. Zile takataka zilikuwa zetu. Sikuwahi kukuomba radhi kwa mdomo wangu."

Bibi aliendelea kuchambua ukindu. "Mwanangu, mtaro ni wa wote. Hata mimi maganda yangu yamo. Maji hayakunikasirisha."

Akanyamaza kidogo. "Kilichonishinda ni lile boksi. Nimezoea sahani yenu. Naiosha, naikausha, natafuta cha kuweka, naileta. Mwaka ule mmeniletea boksi. Nikaliosha. Nikasema, sasa hili nalirudishaje? Nikipeleka hivi, wataona nawasema. Nisipopeleka, nimekula cha watu nikanyamaza. Nikaliweka pale."

Alinyoosha kidole. Juu ya kabati, karibu na mswala uliokunjwa, lilikuwepo boksi jeupe, safi, limefungwa mfuniko.

"Na Idi nikaona, sahani yangu ikienda kwenu, nanyi mtairudisha kwa boksi? Labda mambo ya sahani yameisha, watoto wa siku hizi wanataka wepesi. Nikaacha."

Mama aliporudi nyumbani alikaa jikoni muda mrefu. Mwaka mzima aliamini kwamba kilichovunja ujirani ni maji. Kumbe sahani ilikuwa inauliza swali kila inapopita, na jirani anapata nafasi ya kujibu. Chombo cha kutupa hakiulizi kitu.

Nusu gunia la mkaa

Jikoni mabadiliko yalikuwa ya nusu kwa nusu. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nyumba ya Tabata ina mtungi wa gesi kwa chai na mboga za kila siku. Lakini sufuria la jumuiya halikai kwenye jiko la gesi la mezani, na baba anaamini pilau lisilopaliwa makaa juu ya mfuniko si pilau.

Walipatana. Nyama ilichemshwa kwa gesi usiku wa tarehe 24. Ndizi za mtori zilimenywa mapema na kupikwa kwa gesi pia. Pilau peke yake lilipanda kwenye jiko banifu la mkaa. Mwaka juzi nusu gunia la mkaa liliisha siku moja, mara hii walitumia debe moja na likabaki.

Hesabu ya mchele nayo ilipunguzwa. Mwaka juzi walipika kilo saba kwa watu thelathini na sufuria zima likachacha kwa joto la Desemba. Mwaka jana walihesabu vichwa: watu wazima 13, watoto tisa. Kilo nne. Mama alilala na hofu kwamba chakula kitapungua, aibu kubwa kuliko zote. Hakikupungua. Kilichobaki kiliingia kwenye mahotpoti, na kiporo cha asubuhi kiliwatosha watano wa nyumbani.

Siku yenyewe

Haikuwa siku kamilifu. Maji ya bomba yalikatika saa nne asubuhi, na mapipa mawili yaliyojazwa jana yake ndiyo yaliyookoa jahazi. Sahani tatu za jumuiya zilivunjika, mbili mikononi mwa baba. Baba mdogo alikuja na zawadi ya katoni mbili za maji ya chupa. Mama alizipokea kwa mikono miwili na kushukuru, kwa sababu mgeni hafundishwi mlangoni. Chupa tupu ziliwekwa kando kwa kijana anayeziokota na kuziuza kwa kilo.

Zamu ya jioni ilipofika, baba mdogo huyohuyo alisoma jina lake kwenye friji, akacheka, akakaa tena. Mkewe alimletea beseni hadi kwenye kiti. Dakika kumi baadaye wanaume watatu walikuwa uani, mikono ikiwa na povu hadi kwenye viwiko, wakibishana kuhusu Simba na Yanga kwa sauti kubwa. Muziki ukahamishiwa uani. Wageni wakafuata muziki. Shangazi wa alama za mshangao alikaa karibu na beseni la tatu na kusimulia jinsi Krismasi zilivyokuwa Marangu enzi za baba yake, wakati mgomba ulikuwa sahani na mfuniko.

Mama alikaa. Alikunywa soda yake yote ikiwa bado baridi, jambo ambalo yeye mwenyewe alilitangaza.

Usiku ule taka zilikuwa kiroba kimoja, na hakikupelekwa kwenye kona. Kilifungwa na kuwekwa ndani ya geti hadi gari lilipopita siku mbili baadaye. Maganda ya ndizi na embe yalijaza ndoo iliyokwenda kwa bata wa Bibi.

Na mchana, kabla ya mgeni yeyote kupakuliwa, binti alikuwa amekwishavuka uani na sahani ya maua mekundu, imejaa pilau na paja la kuku, imefunikwa kwa kawa. Alitembea polepole. Chombo kizito hakikimbiwi nacho.

Kwa mzazi anayepanga ya mwaka huu

Familia ile inajiandaa tena, na safari hii wameanza na karatasi ya friji. Wamejifunza kwamba orodha ya vitu vya kununua huja baada ya orodha ya majina ya watakaofanya kazi. Kuazima kunahitaji kuwahi, kwani sahani za jumuiya Desemba zina foleni. Wageni huambiwa mapema kuhusu vyombo vyao, si siku ya kuondoka. Kilichopo stooni hutumika kwanza, hata kama ni cha plastiki, kwa kuwa tayari kimeshatengenezwa. Vichwa huhesabiwa kabla ya mchele kupimwa. Na taka hazitoki getini mpaka gari lionekane.

Hayo yote hayakuwa mageni kwa Bibi. Ndivyo alivyoishi siku zote, bila kuyapa jina.

Sahani ya maua mekundu ilirudi tarehe 28 Desemba, jioni. Mjukuu wa Bibi aliileta. Chini ya kawa kulikuwa na vitumbua kumi na viwili, bado vya moto, na pembeni mayai mawili ya bata. Vitumbua havikumaliza dakika tano. Sahani ikabaki mezani, ina mafuta na chembe za sukari.

Binti alitazama friji. Zamu zilikuwa zimeishia tarehe 25.

"Nani anaosha?" aliuliza.

Kijana wa kidato cha tatu aliinuka, akaichukua sahani, akaelekea uani. Alipofika mlangoni aligeuka. "Idi lini?"